Safari Tisa za Nusura

Daftari lilirudishwa ofisini kwetu Kijenge Jumatano asubuhi. Derick, kijana aliyekuwa anatusimamia, akaliweka mezani mbele yangu huku anacheka.

"Mzee Philemoni, huyu mama wa Kwa Mrombo katoka nyumbani mara tisa wiki nzima, hajarudi hata mara moja. Sijui analala wapi."

Vijana wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, si kwa ubaya, ni uchovu tu. Ilikuwa Julai, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu siku ya sita. Nilikuwa nahesabu siku. Jumamosi kazi yetu ilikuwa inakwisha, na Jumatatu nilikuwa na basi la Tunduma, kuna mtu ananingoja huko kwenye ghala la mahindi. Ndivyo nilivyoishi. Kazi ikiisha hapa, nabeba begi naenda pale.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti. Walitaka kujua watu wa Arusha wanafikaje wanakotaka kufika, sokoni, hospitali, shule, kwenye ibada, na wasikofika ni kwa nini. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipewa daftari dogo la siku saba. Unaandika umetoka wapi, umekwenda wapi, kwa sababu gani, kwa miguu au kwa gari, dakika ngapi. Wengi, na kina mama hasa, waliandika kwenda tu. Kurudi hawakukuona kama kitu cha kuandika. Mtu akimaliza shughuli yake si anarudi kwake? Ila kompyuta ilikataa daftari la namna hiyo, kwa hiyo linarudishwa kwa mwenyewe, anakaa na mtu wetu, wanajaza pamoja. Mimi sikuajiriwa kwa elimu. Niliajiriwa kwa sababu nazijua njia za miguu na najua Kimeru.

Nikaligeuza daftari nisome jina. Nusura Iqbal.

Nikaweka kikombe cha chai chini. Nikasoma tena. Mwandiko ulikuwa uleule, herufi zimelala upande kama zinapigwa na upepo. Miaka ishirini na nane sikuwa nimeuona.

Nikafungua. Jumatatu sokoni, kwa miguu, dakika kumi na mbili. Jumanne msibani, Unga Limited. Jumatano sokoni tena. Alhamisi: kutoka Kwa Mrombo kwenda Akheri, kwa Mama Anna. Muda, saa moja na dakika hamsini. Sababu ya safari: kumhudumia mgonjwa. Jumapili vilevile, Akheri, kwa Mama Anna. Mbele yake kulikuwa na swali la kwa nini mtu ametembea kwa miguu mahali palipo na bodaboda. Alikuwa amejibu neno moja: mgongo.

Anna ni dada yangu mkubwa, ameolewa Tabora. Mama Anna wa Akheri ni mama yangu mzazi.

Huu ulikuwa mwezi wangu wa tano Arusha. Nilipanga chumba Sakina. Kutoka Sakina mpaka kwa mama yangu si mbali, ukiamka mapema unafika kabla ya saa nne. Sikuwa nimekwenda hata mara moja.

Derick akaniambia kuna jambo la pili. Kwenye kila mtaa walikuwa wanachagua safari moja ndefu, na mtu wetu anaifuata pamoja na mwenye daftari kwa miguu yake, na simu mkononi, anaandika kila anaposimama na kila anapongoja. Mtaa ule wameichagua ya Akheri. "Na Akheri ni kwenu, mzee. Umepata bahati."

* * *

Nyumba ilikuwa nyuma ya soko la Kwa Mrombo, ya matofali ambayo hayajapigwa plasta. Binti wa kama miaka ishirini na mbili alikuwa barazani anashona mashuka kwa cherehani. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikajitambulisha kwa kazi na kwa jina. Mguu wake ukasimama kwenye cherehani.

"Philemoni wa Akheri?"

Nikamwambia ndiyo.

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. "Nilidhani wewe ni mrefu," akasema. Kisha akaita ndani bila kugeuza kichwa: "Mama, kuna mtu wa madaftari. Kaa chini kwanza ndiyo nikwambie ni nani."

Nusura akatoka akiwa na unga wa ngano mikononi. Naweza kusema alikuwa vilevile, ila nitakuwa nadanganya. Alikuwa amenenepa kidogo, ana miwani, anatembea ameshika kiuno. Macho tu ndiyo yalikuwa yale ya Kaloleni, kwenye baraza la fundi Iqbal baba yake, wakati mimi nilipeleka suruali ile ile moja kupunguzwa mara nne ili nimwone. Akanitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira. Ningeona hasira ningejua la kufanya.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nilikuwepo hapa nikizeeka. Watu waliniona." Akafuta mikono kwenye kanga. "Swabaha, mletee mgeni kiti."

Tukakaa kujaza daftari. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimevunja mawe Mererani. Namuuliza, Jumatatu ulirudi saa ngapi kutoka sokoni. Anajibu saa tano. Naandika. Jumanne msibani ulirudi saa ngapi. Jioni, anasema, baada ya alasiri. Naandika. Tunafika Alhamisi, nauliza kwa sauti ndogo, kutoka Akheri ulirudi saa ngapi.

"Saa mbili usiku. Nilikuwa namgeuza kitandani. Ukimlaza upande mmoja anapata vidonda."

 Nikauliza tangu lini.

Akanieleza kama anavyoeleza mtu habari za jirani. Miaka miwili iliyopita walikutana kliniki ya presha, foleni moja. Mama haoni vizuri, hawezi kusoma namba kwenye karatasi yake. Nusura akamsomea. Mama akamuuliza yeye ni binti wa nani, akamjibu ni binti wa fundi Iqbal wa Kaloleni. Basi mama akanyamaza. Hakusema kitu mpaka namba yake ikaitwa, ila muda wote ule alikuwa ameshika mkono wa baibui la Nusura, hauachi. Baadaye Nusura akamsindikiza mpaka Akheri. Pasaka ya mwaka huu mama akapata kiharusi, upande wa kushoto ukafa. Jirani yao, Tabea, anamwangalia siku nyingine. Alhamisi na Jumapili ni za Nusura.

"Na ndiye aliyekukataa," nikasema.

"Siku ile kliniki alikuwa mzee asiyeona namba."

Swabaha alikuwa ameacha kushona zamani. "Mimi namwambia mama kila siku," akasema, ananiangalia usoni. "Yule bibi alisema binti wa Kiislamu hatavuka mfereji wake. Leo anavuka mara mbili kwa wiki, kwenda kumfulia. Na mtoto wake mwenyewe mzima, ana miguu. Baba yangu Mungu amrehemu alikuwa mtu wa Singida, hana ndugu hapa, lakini alikaa. Alikaa mpaka tukamzika."

"Swabaha, inatosha," Nusura akamwambia.

"Na sasa anakuja na kalamu kuuliza umerudi saa ngapi."

 Nilimwambia Nusura kwamba kesho ni Alhamisi, na ofisi inataka mtu aifuate safari ile naye, na kwamba naweza kuomba wamtume kijana mwingine. Nilitamani aseme ndiyo. Nilitamani vilevile aseme hapana. Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha.

"Natoka saa moja na nusu," akasema. "Sikungoji."

* * *

Mpaka Tengeru tulikwenda kwa daladala. Niliandika ninachotakiwa kuandika, dakika za kungoja, dakika za kwenda. Tulipoanza kupanda kwa miguu kuelekea Akheri, bodaboda wawili wakatuita, akawapungia mkono wa hapana. Wanamjua. Mmoja akamwambia, mama leo una mlinzi.

Nikamuuliza habari ya mgongo, maana dodoso lilitaka jibu refu.

"Pikipiki zinanitikisa. Nikifika juu nimeshaumia, siwezi kumnyanyua. Nikitembea polepole nafika mzima."

"Na mgongo ulianza lini?"

"Andika Pasaka."

Nikaandika Pasaka. Tukapita migomba, tukapita kahawa za watu, maji yanateremka kwenye mfereji kando ya njia. Kila nyumba niliijua, na kila nyumba ilikuwa na bati jipya. Nusura alikuwa akipumzika mahali palepale kila mara, kwenye gogo, kwenye ukingo wa daraja, nikaona anavyoyajua mapito ya kwetu kuliko ninavyoyajua mimi. Kwenye daraja alikaa, akatoa chupa ya chai kwenye kikapu, akanimiminia kwanza mimi. Nilimwangalia anavyofunga kifuniko kwa makini, nikatamani vile vidole kama kijana. Mtu wa miaka hamsini na minne.

Nikaanza kumweleza. Kwamba nilikwenda Mererani nipate kitu, nirudi nimchukue, mama apende asipende. Kwamba miezi sita niliyomwambia ilipita sina kitu, nikaona aibu, nikasema nijaribu Geita kwanza. Halafu Mpanda. Na kila mwaka ulioongezeka ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi, mpaka nikawa sijui nitaanzia wapi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilikungoja miaka mitatu," akasema. "Nilikataa watu wawili wazuri. Baba akaniambia, Nusura, mimi nakufa, nioneshe mume. Nikaolewa, na sikujuta. Alikuwa mtu mzuri, na sikuwahi kumwita kwa jina lako hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo usije ukadhani nimekaa dirishani."

"Sikudhani."

"Ulidhani kidogo."

Ni kweli, nilidhani kidogo.

"Na usidhani nakuja huku kwa ajili yako," akaendelea. "Mwanzo labda. Mwanzo nilikuwa natega sikio nisikie habari zako, sitakuficha. Mama yako hana habari zako, kwa hiyo nikaacha kutega. Sasa nakuja kwa sababu asipogeuzwa anaoza. Basi." Akainuka kwa kujisukuma na mikono yote miwili. "Nimechoka, Philemoni. Si kwa leo. Nimechoka tu."

Nilimpa mkono wangu aushike. Akaushika, maana pale pana utelezi, na hakuuachia hadi tulipofika kwenye uzio.

Uzio wa kwetu ni wa masale, ile mimea ya majani marefu, tangu enzi za babu. Kwetu Meru mtu akikosa sana, akikosa kiasi cha kukosa uso, anachukua jani la isale analipeleka kwa aliyemkosea. Aliyeletewa hawezi kukufukuza, lazima akusikilize. Miguu ilikuwa imegoma kuvuka mfereji ulio mbele ya nyumba, ule wa mama. Nikakata majani mawili. La kwanza nikaliweka mfukoni kwa ajili ya mama. La pili nikalishika kwa mikono yote miwili, nikamwelekezea Nusura.

Akalitazama. Nadhani alijua maana yake, miaka miwili anakuja huku. Hakunyosha mkono.

"Hilo ni la kwenu," akasema. "Mpelekee mama, yeye atalipokea. Kwetu sisi mtu anasema kwa mdomo."

Nimezunguka nchi hii nikiongea na kila aina ya watu. Nimewahi kumpatanisha askari na mchimbaji. Pale uzioni ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Bibi mmoja akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akatusalimia kwa Kimeru, tukaitikia, akapita. Nusura hakunisaidia. Alisimama na kikapu chake, ananingoja.

"Nilikukosea," nikasema. "Nilikuahidi miezi sita, nikakaa miaka ishirini na nane. Hakuna mtu aliyenizuia kuja. Nilijizuia mwenyewe. Ulibaki ukijibu maswali ya watu peke yako. Naomba unisamehe."  "Na kama kwako bado kuna nafasi ya mtu kama mimi, naiomba. Sina kitu cha kuleta. Nakupenda, Nusura. Hilo sikuweza kuliacha mahali popote."

Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, hakuyafuta. Kisha akasema, "Haya. Nimekusikia." Akavuka mfereji. Akageuka. "Njoo basi. Mama saa hizi ameshalowa."

* * *

Chumba kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na moshi. Mama alikuwa mdogo kitandani, nikadhani wameweka mto chini ya blanketi. Akageuza uso kwenye mlango.

"Nusura, leo umekuja na mtu. Nasikia viatu."

Nusura hakumzungusha. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mkono ulio mzima. "Mama, ni Philemoni. Amekuja."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti tayari, nikaliweka lile jani kwenye kiganja chake. Akalipapasa kutoka shina mpaka ncha. Mdomo wake wa upande mmoja ukatetemeka. Nilingoja anilaani au anibariki, chochote. 

"Mwambie aje upande huu," akamwambia Nusura, kama vile mimi sipo. "Anishike yeye. Wewe mgongo wako unauma."

Basi nikafundishwa. Nusura alisimama nyuma yangu, akaichukua mikono yangu akaiweka mahali pake. Mmoja chini ya kwapa, si kwenye bega, bega limekufa litachomoka. Mwingine chini ya nyonga. Usivute, sukuma. Pumzi yake ilikuwa shingoni kwangu.  Tulimgeuza mama, tukamwogesha, tukambadilisha, tukampaka mafuta penye wekundu. Nusura akapika loshoro, mahindi na maziwa mgando, akaniachia kijiko nimlishe mimi. Mama alikula bila kusema, ila kila kijiko alikuwa ananishika kidogo kwenye kifundo cha mkono, kama anahakikisha.

Saa tisa, mapema kuliko kawaida yake, Nusura akachukua kikapu chake. Nikamsindikiza hadi uzioni. Nikamwambia nitamfuata Kwa Mrombo kesho, tuzungumze vizuri.

"Hapana," akasema. "Kesho utakuwa hapa. Na keshokutwa, na Jumapili, na Alhamisi ijayo. Mimi siji. Nitamwambia Tabea naye apumzike."

"Nusura, Jumatatu nina basi."

"Najua. Derick wenu alimwambia Swabaha kwenye simu, huyo kijana hana siri." Alinitazama kwa macho yale ya barazani kwa baba yake, mekundu sasa. "Panda kama unapanda. Nitaona tu, maana Tabea atanipigia. Lakini usije kuniomba nafasi Kwa Mrombo wakati kitanda hiki kinanisubiri mimi. Mwisho wa mwezi nitakuja. Nikikukuta, tutakaa chini, nitamwita na Swabaha, utazungumza naye, na huyo hatakuonea huruma."

"Na wewe? Utasemaje?"

Akanigusa shavu kwa upande wa nyuma wa vidole, mara moja. Vilikuwa na harufu ya maziwa mgando.

"Nimechoka kusema nikiwa peke yangu," akasema, akateremka.

Nilisimama mpaka kanga yake ilipopotea kwenye migomba. Simu ikaita mfukoni, ni Derick, anataka kujua kama safari ya yule mama imekamilika. Nikamwambia safari yake ya kurudi haina wa kuifuata, amtume mtu mwingine siku nyingine, na kwamba Jumamosi wasinihesabu. Akauliza kuna nini. Nikamwambia nina mgonjwa.

Nilipoingia ndani mama alikuwa macho, lile jani bado limo mkononi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Amesema anakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Leo tarehe ngapi?"

"Tarehe tisa."

Nikaona anahesabu kwa vidole vya mkono mzima. Akafika mahali akaacha.

"Chemsha maji," akasema. "Mwenzako saa hizi huwa ameshachemsha."